Asteroidi Zinazotujia Upande wa Jua

Desemba 25, 2024, mwamba wenye upana wa mita 60 hivi ulipita umbali wa takriban kilomita 829,000 kutoka duniani, ukaendelea na safari yake. Hakuna aliyeuona. Siku mbili baadaye, darubini ya ATLAS, mtandao wa kusaka asteroidi, iliyoko Río Hurtado nchini Chile iliunasa ukiwa umeshatupa kisogo. Wiki chache hazikupita, asteroidi hiyo, iliyosajiliwa kwa jina la 2024 YR4, ikawa gumzo la dunia nzima. Februari 18, 2025, uwezekano wa kuigonga dunia Desemba 22, 2032 ulifikia asilimia 3.1, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa na asteroidi yoyote ya ukubwa huo. Zikapita siku chache nyingine, vipimo vipya vikaja, na tishio hilo kwa dunia likafutika.

Watu walishusha pumzi, vyombo vya habari vikahamia kwingine. Swali lililostahili kuulizwa kwa sauti zaidi halikuulizwa: kwa nini tuliiona ikiwa imeshatupita?

Ilitokea upande wa Jua, ndiyo sababu. Darubini za ardhini hufanya kazi usiku, na usiku ni ule upande wa dunia ulioligeuzia Jua mgongo. Kitu kinachotujia mchana, kutoka kwenye anga lililo jirani na Jua, hakionekani hata darubini iwe kubwa kiasi gani. Wanaanga hujaribu kuvizia dakika chache za machweo na za alfajiri, wakiielekeza darubini chini karibu na upeo wa macho, mahali ambapo mwanga hulazimika kupenya hewa nyingi na picha hutetema. Hata kwa kuvizia huko wanakuta mambo. Oktoba 2022, kundi la watafiti lililoongozwa na Scott Sheppard lilitangaza kugundua 2022 AP7, asteroidi yenye upana wa kilomita 1.5 hivi, kwa kutumia picha za namna hiyo zilizopigwa Chile. Kwa sasa haitutishi, maana inapokatiza njia ya dunia, dunia yenyewe huwa iko ng'ambo ya Jua. Lakini kitu cha ukubwa huo, ambacho kikigonga madhara yake yatavuka mipaka ya mabara, kilikaa miaka yote hiyo bila kujulikana, ilhali anga la usiku lilikuwa linapekuliwa kila kona.

Tatizo hili ni la zamani kama utafutaji wenyewe. Asteroidi ya kwanza kabisa kugunduliwa, Ceres, ilionwa na Giuseppe Piazzi kule Palermo Januari 1, 1801. Aliifuatilia kwa wiki kadhaa, kisha ikamezwa na mng'ao wa Jua, ikapotea. Ilibidi kijana Carl Friedrich Gauss akae na karatasi na kalamu, akokotoe njia yake kutokana na vipimo vichache vilivyokuwepo, ndipo wanaanga wakaipata tena mwishoni mwa mwaka uleule. Zaidi ya miaka 200 imepita. Vioo vimekua, kamera zimekuwa za kidijitali, kompyuta zinafanya kwa sekunde kazi iliyomchukua Gauss wiki nyingi, na bado Jua linatuficha sehemu ileile ya anga.

Waliolipa gharama ya kutoona upande huo ni watu wa Chelyabinsk, Urusi. Asubuhi ya Februari 15, 2013, macho ya wanaanga yalikuwa kwenye asteroidi nyingine kabisa, 2012 DA14, iliyokuwa imetabiriwa kupita siku hiyo umbali wa kilomita 27,700 kutoka uso wa dunia. Ile iliyokuja bila taarifa ilikuwa na upana wa mita 20 hivi. Iliingia angani kwa kasi ya kilomita 19 kwa sekunde ikitokea upande wa Jua, ikapasuka kwenye kimo cha kilomita 30 hivi. Mwako wake ulilipita Jua kwa ukali. Watu wakafanya ambacho mtu yeyote angefanya: wakakimbilia madirishani kutazama. Mwanga husafiri haraka, ila mshindo hauna kasi hiyo. Katikati ya mji ulifika baada ya dakika mbili na kitu, vioo vikawalipukia usoni. Waliojeruhiwa walikuwa karibu 1,500, wengi wao kwa vioo. Katika shule moja, mwalimu aliyeona mwako aliwaamuru wanafunzi wake waingie chini ya madawati. Hakujua ni nini kimetokea, alijua tu kwamba mwako wa namna ile hauji peke yake. Wanafunzi wake hawakukatwa, yeye ndiye aliyekatwa.

Dakika mbili, mikononi mwa mtu aliyejua azitumieje, ziliokoa darasa zima. Kila ninapopima kama darubini ya angani inastahili gharama yake, narudi kwenye darasa hilo.

Darubini ninayoizungumzia ni ya aina mahususi: ya infraredi, yaani inayopima mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, na iliyo nje ya angahewa. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, na sababu zake hazielezwi vya kutosha.

Darubini ya mwanga wa kawaida hupima mwanga wa Jua unaoakisiwa na mwamba. Sasa, kuna asteroidi zinazoakisi asilimia 3 tu ya mwanga unaozifikia, nyeusi kuliko mkaa, na kuna zinazoakisi asilimia 30 na zaidi. Kwenye picha, jiwe dogo jeupe na jiwe kubwa jeusi vinaweza kuonekana nukta mbili zilizo sawa. Tofauti ya mara 10 katika kuakisi mwanga ina maana kwamba kipenyo chake unaweza kukikosea kwa mara 3, na kwa kuwa ujazo hukua kwa kipeo cha tatu, tani za mwamba huo unaweza kuzikosea kwa zaidi ya mara 30. Ndivyo ilivyokuwa kwa 2024 YR4. Kwa wiki nyingi taarifa zilisema ina mita kati ya 40 na 90. Kwa masikio ya kawaida hizo ni namba zinazokaribiana, lakini kwa nguvu ya mlipuko, ya mita 90 ni zaidi ya mara 11 ya ile ya mita 40. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utawaambia watu wakae mbali na madirisha au uuhamishe mji mzima. Ilibidi darubini ya anga ya James Webb iingilie kati Machi 2025, ipime joto la mwamba huo, ndipo jibu la mita 60 likapatikana.

Joto halidanganyi kama mwanga. Mwamba unaozunguka karibu na dunia hupashwa na Jua, kisha huirudisha nishati hiyo kama mionzi ya infraredi, nyingi yake ikiwa na urefu wa mawimbi wa mikromita 10 hivi. Ule mweusi unaojificha kwenye mwanga wa kawaida ndio unaofyonza nishati nyingi zaidi, kwa hiyo ndio unaong'aa vizuri zaidi kwenye infraredi. Na kiasi cha joto anachokipima mwanaanga kinampa ukubwa wa mwamba bila ya kubahatisha sana. Ugumu ni kwamba hewa tunayoivuta, mvuke ulio ndani yake na hata darubini yenyewe hutoa mionzi ya urefu huohuo wa mawimbi. Kufanya msako huu kutoka ardhini ni kazi bure. Lazima utoke nje.

Tunajua njia hii inafanya kazi kwa sababu ilishajaribiwa, tena kwa chombo ambacho hakikutengenezwa kwa ajili hiyo. WISE, darubini ya NASA yenye kioo cha sentimita 40, ilirushwa Desemba 2009 kupima nyota na galaksi. Haidrojeni iliyogandishwa ya kuipoza ilipokwisha mwaka 2010, kazi ya kusaka asteroidi, iliyopewa jina la NEOWISE, iliendelea kwa miezi kadhaa, kisha chombo kikalazwa mwaka 2011. Mwaka 2013 kikaamshwa kwa kazi hiyo moja, kikaifanya hadi Agosti 2024. Katika awamu hiyo ya pili kiliona zaidi ya asteroidi na kometi 3,000 zinazopita jirani na njia ya dunia, 215 kati yake zikiwa hazijawahi kuonwa na mtu. Novemba 2024 kiliingia kwenye angahewa, kikaungua. Wiki chache baadaye 2024 YR4 ikapita. Sisemi kwamba NEOWISE ingeiona. Chombo hicho kilitazama pembeni, karibu nyuzi 90 kutoka kwenye Jua, na hakikuweza kugeukia ubavuni mwake. Ninachosema ni kwamba jiwe lile lilipita katika kipindi ambacho dunia haikuwa na darubini hata moja ya infraredi angani iliyowekwa kwa ajili ya msako huu.

James Webb haiwezi kuliziba pengo hilo. Ngao yake haiiruhusu kugeukia upande wa Jua, eneo linaloonwa na kamera zake ni dogo mno, na kila saa yake ina foleni ya watafiti wanaoigombania. Ni chombo cha kupima kilichokwishagunduliwa.

Mrithi wa NEOWISE ni NEO Surveyor, mradi wa NASA unaoongozwa kisayansi na Amy Mainzer, mwanaanga aliyeiongoza NEOWISE pia. Kioo chake kina sentimita 50 tu. Chombo hicho kitakaa kwenye nukta ya L1, kilomita milioni 1.5 kutoka hapa kuelekea kwenye Jua, mahali ambapo mvuto wa Jua na wa dunia hukifanya chombo kizunguke sambamba na sisi. Kikiwa huko, nyuma ya ngao ya kuzuia Jua, kitaweza kuchungulia hadi nyuzi 45 kutoka kwenye Jua, mbele na nyuma ya njia ya dunia, tena bila kubeba kipozeo cha kuisha. Ubaridi wa anga lenyewe utatosha. Kinatarajiwa kurushwa si kabla ya Septemba 2027.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Chombo hiki kilipaswa kuwa angani zamani.

Fuatilia mwenyewe. Mwaka 1998 NASA ilijiwekea, mbele ya Bunge la Marekani, lengo la kutafuta asilimia 90 ya asteroidi zenye kilomita moja au zaidi zinazotukaribia. Kazi ikafanyika kwa darubini za ardhini, na ndani ya miaka kama 12 lengo likatimia. Ni ushindi mkubwa ambao haukushangiliwa inavyostahili: majabali ya ukubwa huo tunayoyajua, hakuna hata moja linaloelekea kutugonga katika karne hii. Mwaka 2005 Bunge likapandisha kiwango, likapitisha sheria inayotaka asilimia 90 ya zile za mita 140 au zaidi zipatikane kufikia mwisho wa mwaka 2020. Sheria ikatoa amri, fungu la fedha halikuja nayo. Mwaka 2020 ukafika, ukapita. Kati ya asteroidi zipatazo 25,000 zinazokadiriwa kuwa na ukubwa huo, zaidi ya nusu bado hatuzijui.

Na wazo la darubini ya infraredi ya L1 lilikuwepo muda wote huo. Likiitwa NEOCam, lilipelekwa mara kwa mara kwenye mashindano ya NASA ya miradi ya sayansi ya sayari, likikutana na miradi ya kwenda kuchunguza chimbuko la mfumo wa Jua. Mwaka 2017 likashindwa na miradi miwili ya aina hiyo, Lucy na Psyche, likapewa fedha kidogo za kujikimu. Sizidharau Lucy na Psyche, ni safari za fahari na zina mengi ya kutufundisha. Lakini ushindani wenyewe haukuwa wa haki. Jopo lililoulizwa ni mradi gani utaongeza elimu zaidi lingeichaguaje darubini ambayo kazi yake ni kuhesabu mawe na kuandika yako wapi? Hiyo ni kazi ya ulinzi wa raia, ndugu yake wa karibu ni utabiri wa hali ya hewa. Hakuna serikali inayoiambia idara yake ya hali ya hewa ishindane na wataalamu wa visukuku ili ipate rada ya kuona kimbunga.

Mwaka 2019 jopo la Akademia za Kitaifa za Marekani lilisema hivyohivyo kwa lugha ya kitaalamu: jengeni darubini ya infraredi ya angani, na miradi ya ulinzi wa sayari isilazimishwe kushindana na miradi ya sayansi. Mwaka huohuo NASA ikaukubali mradi nje ya mashindano. Ungedhani mambo yamekwisha. Mwaka 2022 bajeti iliyopendekezwa ikaukata, ikausogeza urushaji wake kwa miaka miwili, kutoka 2026 hadi 2028, ili fedha zikazibe mahitaji ya miradi mingine. Bunge likarudisha sehemu ya fedha, tarehe ikasogezwa karibu kidogo. Huku ni kupigwa danadana kwa karibu miaka 20. Watu binafsi walipojaribu, nao walikwama: wakfu wa B612 ulitangaza mwaka 2012 kwamba utajenga darubini yake, Sentinel, kwa michango. Michango haikutosha na mradi ukafa. Somo hapo ni kwamba jambo hili haliwezi kuachiwa hisani ya matajiri.

Kwa nini nakazania miaka? Kwa sababu katika kuikwepesha asteroidi, muda ndio unaofanya kazi kubwa kuliko roketi. Septemba 26, 2022, chombo cha NASA kiitwacho DART kilijigonga kwa makusudi kwenye Dimorphos, mwamba wa mita 160 hivi unaozunguka mwamba mkubwa zaidi. Muda wake wa kuzunguka ulipungua kwa dakika 33. Mafanikio makubwa, tena yalizidi matarajio. Ila itazame kasi yenyewe iliyobadilika: milimita 2.7 kwa sekunde. Chukua hesabu nyepesi. Msukumo wa sentimita 2 kwa sekunde, ukipewa miaka 10, huusogeza mwamba kilomita 6,300 hivi, karibu sawa na nusu ya kipenyo cha dunia. Kwa kukadiria, hiyo ndiyo tofauti ya kugonga na kukosa. Ukibakiwa na mwaka mmoja unahitaji msukumo mara 10 ya huo. Ukibakiwa na wiki, hakuna chombo chochote tulichonacho kitakachosaidia, linabaki suala la kuhamisha watu. Njia halisi za angani hubadilisha namba hizi, lakini mwelekeo wake haubadiliki. Kila mwaka ambao darubini inakaa kwenye makaratasi unakatwa kwenye ile 10.

Wapo wanaosema darubini za ardhini zinatosha sasa, na wananyooshea kidole darubini ya Vera Rubin, iliyoanza kutoa picha Juni 2025 kule Chile. Kwa saa 10 hivi za kutazama, Rubin ilipata asteroidi mpya 2,104, saba kati yake zikiwa za jirani na dunia. Ni mashine ya ajabu na itabadilisha sura ya orodha yetu, ambayo tayari imevuka asteroidi 40,000 za jirani. Lakini Rubin inasubiri jua lizame kama wenzake wote, na inapima mwanga ulioakisiwa, kwa hiyo swali la ukubwa italiacha wazi. Darubini hizi mbili zinahitajiana. Moja itatoa wingi na vipimo vya njia, nyingine itatoa ukubwa na ule ubavu wa Jua.

Hoja nzito zaidi ni ya uhaba wa matukio. Asteroidi ya mita 140 huigonga dunia kwa wastani mara moja katika miaka 20,000 hivi, sawa na nusu asilimia kwa karne. Kuna magonjwa na njaa vinavyoua leo, kwa nini dola bilioni 1.2 ziende kwenye jambo la nusu asilimia? Naiheshimu hoja hii, na ningeiunga mkono kama gharama ingekuwa ya kila mwaka milele. Haiko hivyo. Asteroidi ikishapatikana na njia yake ikakokotolewa, inajulikana kwa miaka mia na zaidi. Orodha inajengwa mara moja, inabaki kutunzwa tu. Tena jibu linaloelekea zaidi kupatikana ni la kheri: kwamba hakuna inayokuja. Jibu hilo nalo lina thamani, ila huwezi kulipata bila kutazama.

Kuna na hofu ya taharuki, kwamba darubini nyingi zaidi zitaleta vichwa vya habari vya kutisha zaidi. Nionavyo, zitavipunguza. Asilimia 3.1 ya 2024 YR4 ilitokana na uchache wa vipimo, kwa sababu mwamba ulionwa ukiwa umechelewa na ukawa unafifia kila usiku. ESA, shirika la anga za juu la Ulaya, linapanga darubini yake ya L1 iitwayo NEOMIR, itakayochungulia karibu zaidi na Jua ili kutoa tahadhari hata kwa mawe ya ukubwa wa lile la Chelyabinsk. Kwa tathmini ya ESA, NEOMIR ingeiona YR4 kama mwezi mmoja kabla ya darubini za ardhini. Mwezi wa vipimo ungezima hofu nyingi kabla hazijazaliwa. Hata hivyo NEOMIR haitarushwa kabla ya miaka ya 2030, na mpaka hapo mzigo wote wa upande wa Jua utakuwa kwa chombo kimoja cha nchi moja, chenye bajeti inayojadiliwa kila mwaka.

Aprili 13, 2029, asteroidi Apophis, yenye mita 340 hivi, itapita kilomita 32,000 tu kutoka uso wa dunia, karibu kuliko baadhi ya satelaiti zetu, na wakazi wa Ulaya, Afrika na Asia ya magharibi wataiona kwa macho matupu. Haitatugonga, hilo linajulikana kwa uhakika. Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka huo kuwa wa kimataifa wa uelewa kuhusu asteroidi na ulinzi wa sayari. Wanasiasa watakuwa wanatazama juu pamoja na wapiga kura wao, na sidhani kama nafasi nyingine ya namna hiyo itapatikana karibuni. Itumike kwa jambo mahususi. Mpango wa msingi wa NEO Surveyor ni wa miaka mitano, na katika muda huo inatarajiwa orodha ifikie theluthi mbili ya asteroidi za mita 140 na kuendelea. Kuifikia ile asilimia 90 iliyotungiwa sheria mwaka 2005 kunahitaji darubini iendelee kufanya kazi miaka mitano mingine au zaidi. Fedha za miaka hiyo ya pili hazina uhakika, na waliokwisha kuukata mradi huu mara moja wanaweza kuukata tena. Madai ya fedha hizo yawe mezani kabla Apophis haijapita.